Jinsi ya Kupanga Siku Moja ya Kutazama Ndege wa Pwani na Vinamasi Wakati wa Baridi

Anayetaka kutazama ndege wa pwani katika majira ya baridi aanze kazi yake mezani, siku mbili tatu kabla ya safari, akiwa na jedwali la maji kujaa na kupwa mbele yake. Watu wengi huanza na darubini, kisha vitabu, kisha nguo, na maji huyakumbuka mwisho. Ndiyo sababu hufika ufuoni wakati tope limebaki wazi kwa kilomita mbili tatu na ndege wote wamekuwa vidoa vyeusi huko mbali. Ndege hawa hawafuati saa ya mtu wala hata jua. Maji yakipwa hutawanyika kutafuta chakula, iwe mchana au usiku. Maji yakijaa husukumwa ukingoni, wakajikusanya na kupumzika. Kwa hiyo kazi ya mtazamaji ni kuchagua mahali pazuri pa kusimama, kuwahi, na kuiacha bahari imletee ndege.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takribani saa 12 na dakika 25, hivyo wakati wa kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, huja katikati, mwezi unapokuwa nusu. Kwa mtazamaji wa ndege tofauti hiyo si ndogo. Siku ya bamvua tope lote hufunikwa, na ndege hulazimika kuruka hadi kwenye mafungu ya changarawe, mashamba au mabwawa yaliyo nyuma ya tuta, yaani mbele ya macho yako. Siku ya maji mafu hubaki wamesimama kwenye ukanda mwembamba wa tope usioweza kufikiwa hata kwa darubini nzuri. Kumbuka pia kwamba mahali pamoja bamvua hujaa karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa hiyo zipo pwani ambazo bamvua hujaa alfajiri na jioni tu, wala haliji adhuhuri. Huko chagua siku yenye maji ya wastani, yanayojaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kuliko kusubiri bamvua utakaloliona gizani.

Hapa pana mtego kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo. Jedwali likiandika 06:40, hiyo ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Mimi niliwahi kuinakili namba hiyo kwenye daftari bila kuigeuza, kisha usiku nikaisoma kama saa sita na dakika arobaini. Nikafika mchana, nimevaa vizuri, nimebeba kila kitu, nikakuta maji yamepwa kabisa na mzee mmoja tu aliyekuwa akichimba chambo katikati ya tope. Tangu siku hiyo huandika saa kwa maneno. Angalia vilevile kama jedwali limetumia saa za kawaida au saa zilizosogezwa za kiangazi, kwa sababu katika nchi zinazobadili saa, kosa la saa moja linatosha kuharibu asubuhi nzima.

Baada ya maji, fikiria mwanga. Kwenye latitudo ya digrii 53 kaskazini, mwishoni mwa Desemba mchana hudumu takribani saa saba na nusu tu, na jua hukaa chini upande wa kusini siku nzima. Ukilitazama uso kwa uso, kila ndege atakuwa kivuli cheusi juu ya maji yanayometameta, na rangi ya miguu, ambayo mara nyingi ndiyo ufunguo wa kumtambua, haitaonekana. Panga njia yako ili asubuhi uelekee magharibi na alasiri uelekee mashariki, jua likiwa mgongoni. Tazama pia mwelekeo wa upepo, kwa kuwa ndege waliopumzika hugeuka wote kuukabili. Ukijua unakotoka, utajua utawaona kwa ubavu au kwa mkia.

Kuhusu nguo sina mengi. Baridi ya pwani humwingia mtu kwa sababu amesimama, si kwa sababu anatembea, kwa hiyo vaa kana kwamba unakwenda mahali penye baridi zaidi kuliko utabiri unavyosema: tabaka kadhaa za sufu au kitambaa cha sintetiki, koti lisilopitisha upepo wala mvua, kofia ifunikayo masikio, na buti za mpira zenye nafasi ya soksi mbili bila kubana. Epuka nguo za pamba karibu na ngozi, kwani zikilowa jasho hazikauki upesi. Vaa glavu nyembamba ndani ya glavu nene, ili uweze kugeuza kirungu cha kulengea cha darubini bila kuacha vidole wazi. Beba kinywaji cha moto katika chupa ya kuhifadhi joto.

Darubini ya macho mawili yenye namba 8x42 inafaa karibu kila kazi. Namba ya kwanza inaonyesha kwamba inakuza mara 8, ya pili kwamba lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaofika jichoni, zaidi kidogo ya milimita 5, na katika siku zenye mwanga hafifu upana huo una thamani kuliko ukuzaji. Wapo wanaopenda 10x42, lakini mikono inayotetemeka kwa baridi huukuza mtetemo pamoja na ndege. Kwa matope na bahari utahitaji pia darubini ya jicho moja iliyosimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, ambayo kwa kawaida hukuza kati ya mara 20 na 60. Anza na 20 ukitafuta, ongeza ukishapata. Ukitazama kutoka ndani ya gari, zima injini na kikanza joto, kisha subiri kidogo. Hewa ya moto ikitoka dirishani na kukutana na baridi, picha hutetemeka kama mtu anayetazama kupitia mvuke wa sufuria, na wengi huilaumu lenzi bure.

Fika kinamasini kabla hakujapambazuka. Mabata bukini waliolala kwenye tope au kwenye mabwawa huondoka na mwanga wa kwanza kwenda kulisha mashambani, na mara zote utawasikia kabla ya kuwaona. Simama chini ya tuta, si juu yake, ili mwili wako usichoreke dhidi ya anga. Bukini mdogo mweusi mwenye makalio meupe, Branta bernicla, hubaki zaidi pwani, kwa kuwa chakula chake cha asili ni nyasi za bahari na mwani wa matopeni. Bukini wakubwa wa kijivu ndio wanaokwenda mbali ndani ya nchi.

Saa mbili hadi tatu kabla ya maji kujaa, hamia kwenye tope. Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu zaidi, na ndipo mgeni hukata tamaa, kwa sababu ndege wa ufuoni waliokuwa wekundu au weusi tumboni wakati wa kuzaliana sasa wote wamevaa kijivu. Kiswahili chetu nacho hakisaidii sana, kwani wengi wetu kila kindege cha ufuoni tunakiita kitwitwi. Kwa hiyo andika jina la kisayansi katika daftari lako, na ukimtazama ndege jiulize mambo manne kwa mpangilio huu: ukubwa wake, urefu na umbo la mdomo, miguu yake, na namna anavyokula. Rangi ya manyoya iwe ya mwisho.

Chagua kwanza ndege mmoja wa kawaida awe kipimo chako. Mimi hutumia Calidris alpina, mdogo, mwenye miguu myeusi na mdomo mweusi uliopinda chini kidogo sana kwenye ncha, anayechomachoma tope haraka haraka kama cherehani. Ukimzoea huyo, wengine hujitenga wenyewe. Aliye mkubwa kumzidi, mnene, wa kijivu, mwenye mdomo mfupi ulionyooka na miguu ya kijani hafifu, ni Calidris canutus. Huyu humeza kombe wadogo wazima wazima na kuwaponda ndani ya firigisi yake, ndiyo sababu makundi yake hufuata maeneo yenye kombe na kuacha mengine matupu. Aliye mweupe kuliko wote, anayekimbia mbele ya wimbi na kulirudia likirudi, ni Calidris alba, na ukimpata karibu utagundua hana kidole cha nyuma. Hao wote huchoma na kupapasa kwa mdomo. Ndege wa jamii ya Pluvialis hula kwa macho: hukimbia hatua chache, husimama wima, hutulia, huinama na kudonoa, kisha hukimbia tena. Ukishaiona tofauti hiyo mara moja, utaitambua hata umbali wa nusu kilomita, kabla hujaona unyoya hata mmoja.

Wapo wengine ambao hujitambulisha wakiruka tu. Pluvialis squatarola, akiwa chini, ni ndege wa kijivu asiye na alama. Akinyanyua mabawa huonyesha makwapa meusi ti, na hakuna mwingine wa umbo lake mwenye alama hiyo. Tringa totanus, mwenye miguu myekundu, huonyesha ukingo mpana mweupe nyuma ya bawa, na ndiye mlinzi wa tope zima: hupiga kelele na kuruka kabla ya wote, na wengine humfuata. Ukimwona anatikisa kichwa juu na chini akikutazama, rudi nyuma hatua kadhaa kabla hajakutangaza. Numenius arquata hana tatizo, kwa kuwa mdomo wake mrefu uliopinda chini kama mundu unaonekana kutoka mbali. Jike ana mdomo mrefu kuliko dume, kwa hiyo ukiwaona wawili pamoja usidhani ni spishi mbili.

Maji yanapokaribia kujaa, acha kutambua mmoja mmoja na uanze kuhesabu. Mabadiliko ya makundi haya ndiyo yanayoonyesha hali ya ardhioevu, na hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu mwaka 1967, hutegemea watu wa kujitolea waliosimama kwenye matuta kama hayo. Namna yake ni hii. Hesabu ndege 20 kwa kweli, mmoja baada ya mwingine, upande mmoja wa kundi. Tazama wanachukua nafasi gani ndani ya duara la darubini. Kisha sogeza nafasi hiyo taratibu juu ya kundi lote, ukihesabu ni mara ngapi inaingia. Ikiingia mara 45, una ndege 900. Rudia kutoka upande wa pili. Ukipata 900 na 1,100, andika 1,000 na uendelee. Kundi likiwa angani hesabu wakati linapogeuka kuwa refu na jembamba, si linapokuwa donge, na ujue kwamba jicho lisilozoea huona wachache kuliko waliopo.

Mahali pawili Ulaya panaonyesha vizuri jambo hili. Huko Snettisham, kwenye ghuba ya The Wash mashariki mwa Uingereza, bamvua linapofunika tope, maelfu kwa maelfu ya Calidris canutus huruka juu ya ufuo na kutua kwenye mabwawa yaliyobaki baada ya uchimbaji wa changarawe, wakisongamana hadi ardhi haionekani. Bahari ya Wadden, inayopakana na Uholanzi, Ujerumani na Denmark, ni kubwa zaidi: ndege wahamao milioni 10 hadi 12 huipitia kila mwaka. Sehemu za Uholanzi na Ujerumani ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2009, na ya Denmark ikaongezwa mwaka 2014.

Ndege wakiwa wamejikusanya ndipo unapopata nafasi ya kutafuta pete za rangi ambazo watafiti huwavisha miguuni. Andika rangi kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini, mguu wa kushoto au wa kulia wa ndege mwenyewe, na kama pete iko juu au chini ya kiungo. Kiungo hicho kinachopinda kwenda nyuma, ambacho wengi hukiita goti, kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti limefichwa ndani ya manyoya. Taarifa moja kamili ukiwatumia watafiti hao hurudisha historia ya ndege, na mara nyingi utaambiwa alivishwa pete nchi nyingine kabisa.

Wakati huo huo ndipo unapoweza kuwadhuru. Ndege amesimama kwa mguu mmoja, ameficha mdomo mgongoni, na kwa macho yako hafanyi kitu. Kumbe anaokoa nguvu aliyoitafuta saa sita ndani ya tope, katika msimu ambao usiku ni mrefu na chakula kimezama chini zaidi kwa sababu ya baridi. Kila safari anayoruka kwa ajili yako hulipwa kwa mafuta ya mwili wake. Vichwa vikianza kuinuka, simama. Wakianza kutembea mbali nawe, umeshakaribia mno, nawe urudi nyuma polepole bila kusubiri waruke. Mbwa afungwe au abaki nyumbani. Katika siku za barafu ya mfululizo mimi huongeza umbali maradufu, hata kama maana yake ni kutopata picha. Kundi likipaa lote kwa ghafula bila wewe kujongea, usijilaumu upesi. Inua macho, kwa kuwa aghalabu kuna kozi juu yako.

Adhuhuri, maji yakianza kupwa, gawanya muda kati ya bahari na mabwawa ya maji baridi. Baharini tafuta mahali pa juu kidogo, kaa chini, egemea kitu, na pitisha darubini polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha urudie, na urudie tena, kwa sababu ndege wapigao mbizi huweza kuwa chini ya maji au nyuma ya wimbi mara ya kwanza ulipopita. Gavia stellata, mmoja wa wapiga mbizi hao, hukaa chini sana majini na kuinua mdomo wake mwembamba juu kidogo, kana kwamba anamdharau mtu. Ishara hiyo hutosha hata rangi isipoonekana. Upepo mkali ukivuma kutoka baharini, acha mabwawa kabisa ubaki hapo, maana ndege wa bahari kuu husukumwa karibu na nchi kavu.

Kukiwa na barafu, fanya kinyume. Maji ya bahari huganda yakifika takribani nyuzi 1.8 chini ya sifuri, nayo hutikiswa na mawimbi, hivyo mabwawa huganda kwanza na mabata wake hukimbilia mlango wa mto. Lakini ndege wa matete wasioonekana mwaka mzima, kama Rallus aquaticus na Botaurus stellaris, hulazimika kutoka hadi kwenye kipande chochote cha maji kisichoganda. Tafuta mfereji unaotiririka au bomba linaloingiza maji, ukae ndani ya kibanda cha kutazamia, na usitikisike kwa nusu saa. Niliwahi kumwona Botaurus hivyo, hatua kumi kutoka kwangu, akikanyaga barafu nyembamba kwa vidole vyake virefu vya kijani, akijaribu kila hatua kabla ya kuiamini. Barafu ilipolia chini yake aliinua mdomo juu akageuka tete, naye akabaki hivyo kwa muda mrefu ingawa hakukuwa na tete hata moja karibu naye.

Jambo moja halina mjadala: usishuke kwenye tope. Maji yanayorudi hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza vihori, yaani mifereji midogo ya matopeni, vilivyo nyuma yako, na unaposhtuka uko kisiwani. Tope lenyewe humeza buti, na ukungu ukishuka hutajua pwani iko wapi. Tembea juu ya tuta na njia zilizowekwa, na mwachie mtu taarifa ya uendako na saa ya kurudi.

Saa moja na nusu kabla ya machweo uwe umeshafika ukingoni mwa matete, jua likiwa mgongoni mwako au ubavuni. Ndege mbuai wa jenasi Circus huingia mmoja mmoja kulala, wakipita chini juu ya matete huku mabawa yameinuliwa kama herufi V. Dume wa Circus cyaneus, wa kijivu cheupe na ncha nyeusi, huonekana hata mwanga ukiwa umekwisha. Makundi ya kwezi, pale wanapolala mateteni, huzunguka kama moshi kabla ya kumwagika chini yote kwa pamoja. Bundi mweupe huanza kuvinjari kando ya tuta. Usiondoke giza linapoingia tu, bali subiri dakika ishirini zaidi, kwa sababu bukini walioondoka alfajiri hurudi wakati huo, na safari hii utawahesabu kwa masikio.

Andika hesabu zako papo hapo, ukiwa bado unakumbuka ni kundi lipi lilikuwa upande gani wa mfereji. Kesho yake namba hubaki na mahali hupotea. Ukifika ndani, iache darubini katika mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto taratibu. Ukiitoa mara moja, mvuke utatanda juu ya vioo, na ukiufuta kwa ncha ya shati lenye chumvi ya bahari utakwaruza lenzi.